Kisuma, Jodak na Pango: Ukame na Safari za Wakulima wa Mwambao wa Kisumu

Utangulizi

Dunga ni kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoko kusini mwa mji wa Kisumu, ukingoni mwa Ghuba ya Winam. Upande mmoja yamesongamana mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Upande wa pili yapo makonde madogo ya mtama, mahindi na kunde. Mgeni afikaye hapo katika mwaka wa kiangazi kikali hushangazwa na jambo moja: mtama hunyauka kondeni ilhali maji ya ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika yanametameta hatua chache kutoka hapo. Mbele ya macho yake njaa huwa kitendawili.

Vitabu vya historia, na hata mazungumzo ya kila siku, hukitegua kitendawili hicho kwa sentensi moja tu: mvua ilikosekana, njaa ikaingia, watu wakahama kutafuta kazi. Sentensi hii ina vitenzi vitatu, na kila kimoja kinasema kweli. Kasoro imo katika kiambishi -ka-. Kiambishi hicho, ambacho kazi yake ni kufuatanisha matukio, humfanya msikilizaji aamini kwamba tukio la kwanza ndilo lililozaa la pili, na la pili likazaa la tatu, kama kwamba hapakuwa na mkono wa mtu baina yao.

Makala haya yana nia ya kuuchunguza mfuatano huo. Hoja yake ni kwamba ukame peke yake haukumgeuza mkulima wa mwambao wa Kisumu kuwa mtu wa mshahara. Ukame ulikuwapo kabla ya reli na kabla ya kodi, na wakulima walikuwa na njia zao za kuukabili, ambazo nazo zilikuwa safari. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni aina ya safari: mtu aliondoka na nini mkononi, alikwenda kwa nani, na nani alibaki nyumbani. Mabadiliko hayo yamehifadhiwa katika lugha. Kwa hiyo ushahidi utachukuliwa si katika kumbukumbu za serikali tu, bali pia katika maneno matatu ya Kijaluo, yaani kisuma, jodak na pango, pamoja na maneno ya Kiswahili yanayolingana nayo.

Mvua na konde

Hapana budi kwanza kueleza maana ya ukame katika mwambao huu. Kwa hesabu ya mwaka mzima Kisumu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua, kiasi ambacho mkulima wa Ugogo angekitamani. Tatizo limo katika mgawanyo wake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo yanayotegemewa. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, haiaminiki. Masika yakichelewa kwa majuma machache, au yakikatika katikati, mbegu hufa ardhini. Udongo mweusi wa Uwanda wa Kano, ulio jirani na Dunga, hupasuka jua linapozidi na hugeuka dimbwi mvua inapozidi, hata imewahi kutokea mkulima akalia ukame na mafuriko katika mwaka mmoja. Ama ziwa, liko chini ya makonde. Kwa vizazi vingi chombo pekee cha kuyapandisha maji yake kilikuwa mtungi juu ya kichwa cha mwanamke, na mtungi hauwezi kunywesha shamba.

Kinga ya wakulima dhidi ya hali hiyo ilikuwa ya namna nyingi. Mtama na wimbi vilipandwa kwa sababu vinastahimili jua kuliko mahindi, ambayo yalienea zaidi wakati wa ukoloni. Nafaka iliwekwa ghalani. Ng'ombe walikuwa akiba itembeayo, na ndoa ziliunganisha ukoo wa mwambao na koo za mbali ambazo mvua yao haikuwa mvua ileile. Mtu wa Dunga alikuwa na ziada ya kinga hizo: kamongo wa kwenye mafunjo, mumi na ngege wa ghubani. Kwa sababu hiyo Dunga haikuwa mahali pa kuondokea tu. Mwaka ulipokuwa mbaya, ilikuwa pia mahali pa kukimbilia.

Kisuma

Kisuma ni safari ya kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine wakati wa uhaba, ama kwa kubadilishana vitu, ama kwa kutegemea udugu. Asemaye kwamba anakwenda kisuma hatangazi kuhama; anatangaza kwamba atarudi, na kwamba atarudi na mzigo. Watu wengi wa mwambao hulihusisha jina la Kisumu lenyewe na neno hili, yaani mahali watu walipokutana kubadilishana vyakula, muda mrefu kabla ya reli kuufikia mji huo.

Umbo la neno hili linastahili kuangaliwa na wanaisimu. Kijaluo ni lugha ya Kiniloti, na haina ngeli ya KI-. Kwa upande mwingine, katika lahaja za Kiluhya kipo kitenzi suma chenye maana ya kutafuta chakula wakati wa njaa. Yamkini basi neno lilivuka mpaka wa lugha kwa njia ileile inayoelezwa na maana yake: lilibebwa na watu waliokwenda kwa jirani na vikapu vitupu, wakarudi na nafaka na jina la safari yao. Kama ndivyo, basi jina la mji mkuu wa Wajaluo ni hati ya ujirani na lugha nyingine.

Ni muhimu kuona msafiri wa kisuma alichukua nini. Watu wa mwambao walikwenda na samaki waliokaushwa, vyungu, mikeka na vikapu vya mafunjo. Mwenye uwezo alikwenda na mbuzi au ng'ombe. Walielekea kwenye nyanda za juu, kwa Wagusii upande wa kusini na kwa Waluhya upande wa kaskazini, ambako mvua haikufuata kalenda ya ghuba. Wimbi na mtama vilishuka, samaki na vyungu vikapanda. Aliyekwenda hakuwa mwombaji. Alikuwa na kitu ambacho mwenyeji alikihitaji, na mwaka uliofuata huenda mwenyeji ndiye aliyeshuka ziwani.

Kiswahili nacho kina neno lake la jambo hili. Makamusi hulieleza neno hemea kuwa ni kutafuta au kununua chakula, hasa wakati wa njaa. Siku hizi, hasa Tanzania, watu husema wanakwenda kuhemea hata wanapokwenda dukani kununua mahitaji ya nyumbani, na maana ya njaa imeanza kufifia. Lakini historia ya Ugogo inaonyesha uzito wa neno hilo. Njaa iliyoitwa Mtunya, ya 1917 hadi 1920, ambayo mwanahistoria Gregory Maddox ameichunguza kwa kirefu, haikuletwa na jua peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ukame ulipofika uliwakuta Wagogo wakiwa wamenyang'anywa vile vile vitu ambavyo wangehemea navyo. Asiye na ng'ombe wa kubadilisha hana safari ya kuhemea. Ana safari ya kuomba au ya kutumika.

Haifai, hata hivyo, kuipamba kisuma kupita kiasi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ya karne ya 19, njaa ilipozidi, watoto, na hasa wasichana, walipelekwa kwa majirani kama rehani ili nafaka ipatikane. Baadhi yao hawakurudi. Udugu uliopatikana kwa njia hiyo ulilipiwa na mtu ambaye hakuulizwa. Hoja si kwamba zamani zilikuwa njema. Hoja ni kwamba zamani zilikuwa na utaratibu wake, na kwamba katika utaratibu huo njaa haikuishia kwenye mshahara.

Jodak

Wakati mwingine mwaka mmoja wa kisuma haukutosha. Kiangazi kilipofuatana na kingine, familia nzima iliweza kuhama na kukaa katika ardhi ya ukoo mwingine. Mtu kama huyo aliitwa jadak, na wakiwa wengi jodak. Shina la neno ni dak, yaani kukaa au kuishi. Jadak ni mkazi wa ardhi isiyo ya baba zake. Mara nyingi alikuwa mkwe, au mjomba ndiye aliyemkaribisha, au rafiki wa miaka mingi.

Jadak alilima na kuvuna. Kwa upande wake alipaswa kumheshimu mwenyeji, kumsaidia kazini na kuwa upande wake katika ugomvi. Hakuweza kudai ardhi kuwa yake, na mara kwa mara alikumbushwa jambo hilo. Lakini alihama pamoja na mke, watoto na mifugo yake, na aliendelea kuwa mkulima. Bethwell Allan Ogot, katika kitabu chake cha 1967 kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini, ameonyesha kwamba makao yao kandokando ya ziwa yalijengwa kwa safari nyingi za namna mbalimbali katika muda wa karne kadhaa. Kwa watu wenye historia hiyo kuhama hakukuwa kioja wala mkosi.

Ukoloni uliifunga njia hii polepole. Mipaka ya wilaya na ya lokesheni iliwekwa, na kila mtu akaandikiwa chifu wake na mahali pake pa kulipia kodi. Ardhi iliyokuwa baina ya mwambao na milima, kuanzia Kibos hadi Muhoroni na Koru, iligawiwa wakulima Wahindi na walowezi Wazungu, na mashamba makubwa yakasimama mahali ambapo familia zingeweza kujongea. Baadaye Mpango wa Swynnerton wa 1954, na sheria ya uandikishaji wa ardhi ya 1963, vilitaka kila kipande cha ardhi kiwe na jina la mwenyewe katika daftari. Daftari halikuwa na safu ya jadak. Mtu aliyekaa kwa neno la mdomo alijikuta ama anabishania ardhi na watoto wa mwenyeji wake, ama anaondoka.

Reli, kodi na pango

Reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni mwa ziwa mnamo Desemba 1901, na kituo chake kikaitwa Port Florence. Aprili 1902 jimbo hili lilitolewa katika Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Kodi ya kichwa iliongezwa juu ya kodi ya nyumba mnamo 1910, na kwa hiyo hata kijana asiye na nyumba alidaiwa.

Hapa lipo jambo ambalo maelezo ya kawaida hulisahau. Mwanzoni wakulima wengi wa Nyanza waliilipa kodi kwa mazao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza simsim, mahindi na ngozi kutoka nchi hii zilipakiwa Kisumu kwa wingi. Reli ambayo baadaye ilibeba watu ilianza kwa kubeba magunia yao. Walowezi waliolalamika kwamba hawana wafanyakazi walikuwa wanalalamikia ukweli huo: mkulima mwenye simsim ya kuuza hana sababu ya kwenda kuvuna kahawa ya mtu mwingine.

Sababu hiyo ilitengenezwa. Katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi walifia Tanganyika. Waliosalia walirudi nyumbani kukuta mvua imekosekana mnamo 1918, na maradhi ya homa ya mafua yakiingia pamoja na njaa. Serikali haikuijibu hali hiyo kwa kupunguza mzigo. Mnamo Oktoba 1919 ilitolewa barua ya Gavana Edward Northey iliyowaagiza maofisa na machifu kuwahimiza watu waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kuanzia mwaka huohuo kila mwanamume alitakiwa kubeba kipande, chenye jina lake, alama za vidole vyake na maandishi ya mwajiri. Kodi nayo ilipandishwa hadi rupia 8, sawa na shilingi 16.

Ukiangalia ratiba hiyo, utaona kwamba ukame wa 1918 ulitokea katikati ya mambo mengine manne: vita, maradhi, kodi na kipande. Watu wa Nyanza wenyewe walijua lipi la kulalamikia. Mnamo Desemba 1921 walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, na vuguvugu lao likaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Hawakulalamikia mawingu. Walitaka kodi ipunguzwe na kipande kiondolewe. Mwaka uliofuata Gavana alikutana nao Nyahera, karibu na Kisumu, na kodi ikateremshwa hadi shilingi 12. Kipande kilibaki.

Hiyo ndiyo hali iliyolipa uzito neno pango. Katika Kijaluo kwenda pango ni kwenda kufanya kazi ya mshahara mbali na nyumbani, na mwenye kazi hiyo ni japango. Ni vigumu kutolihusisha neno hili na kitenzi cha Kiswahili panga, kwa maana ya kukaa katika chumba au nyumba ya mtu kwa kulipa. Likitazamwa hivyo, neno linaeleza mambo mawili kwa pamoja: mtu ameuza kazi yake, na mahali anapolala si pake. Jadak alikaa katika ardhi ya mwingine kwa udugu. Japango anakaa katika chumba cha mwingine kwa senti. Kisuma ilibeba jina la Kibantu la majirani. Pango linaelekea kubeba jina la lugha ya reli, ya bandari na ya polisi.

Kuanzia miaka ya 1920 milango ya pango iliongezeka. Kiwanda cha sukari kilisimama Miwani, katika Uwanda wa Kano wenyewe. Makampuni ya chai yalifungua mashamba Kericho, na wachumaji wengi walitoka Nyanza. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, machimbo nayo yalitaka mikono. Wengine walikwenda katika karakana za reli Nairobi, gatini Mombasa, na ng'ambo ya ziwa, Jinja na Kampala. Kila mwaka wa uhaba uliongeza idadi yao. Mnamo 1931 nzige waliteketeza mashamba ya Nyanza wakati ambapo bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani kote, na kodi haikuanguka pamoja nazo. Mnamo 1943, katikati ya vita vingine, Kenya nzima ilipata upungufu mkubwa wa chakula. Mvua ilikuwa haba, lakini tume iliyoundwa mwaka huo ilikuwa na mengine ya kuchunguza: mahindi yalikuwa chini ya udhibiti wa serikali, mkulima Mwafrika alilipwa bei ndogo kuliko mlowezi, na wanaume walikuwa wamechukuliwa jeshini na katika mashamba ya mkonge.

Mwanauchumi Amartya Sen, katika kitabu chake kuhusu umaskini na njaa kilichotoka 1981, ametoa hoja kwamba watu hufa njaa si kwa sababu chakula hakipo tu, bali kwa sababu hawana kitu au haki ya kukipatia. Mkulima wa mwambao angemwelewa upesi. Tofauti ya kisuma na pango ni hiyohiyo. Katika kisuma mtu alikuwa na samaki, chungu au mbuzi. Katika pango alibakiwa na mikono.

Mshahara wa mtu mmoja

Makala yanayohusu uhamaji wa familia hayana budi kuuliza: familia ilikuwa wapi? Jadak alihama na watu wake. Japango wa miaka ya ukoloni, kwa kawaida, alihama peke yake. Hakufanya hivyo kwa sababu ya mila, kama ilivyozoeleka kusemwa. Alifanya hivyo kwa sababu vyumba vya mjini na kambi za mashambani vilijengwa kwa ajili ya mwanamume mseja, na mshahara ulipimwa kwa kipimo hicho. Kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya, ambayo taarifa yake ilitoka 1954, ilikiri jambo hili waziwazi. Iliona kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mjini katika makampuni ya watu binafsi, na takriban robo ya wale wa serikali, walilipwa mshahara usiotosha hata mahitaji ya lazima ya mtu mmoja.

Ikiwa mshahara haumtoshi mtu mmoja, nani alimlisha mke na watoto, na nani alimlisha japango mwenyewe alipougua au alipozeeka? Konde. Na nani alilima konde? Mwanamke. Mwanahistoria Margaret Jean Hay, katika uchunguzi wake wa Kowe, magharibi ya Kenya, ameonyesha jinsi wanawake wa Kijaluo walivyoubeba mzigo huo wakati wa ukoloni: walijaribu mazao mapya, walibadili zana na ratiba za kulima, na wakaingia katika biashara ya masokoni. Mihogo ilienea kwa sababu huvumilia jua na haihitaji mikono mingi, na mikono mingi ilikuwa imekwenda. Kwa hiyo palipokuwa na upungufu wa chakula, sababu haikuwa mbinguni tu. Ilikuwa pia katika treni iliyowaondoa wapalilizi kabla ya magugu kuota.

Mwambao wa ziwa uliongeza sura yake katika habari hii. Wanawake wa vijiji kama Dunga walikuwa na samaki wa kuuza na mafunjo ya kusuka, na soko la Kisumu halikuwa mbali. Kisuma haikufa. Ilirudi kwa umbo la mama aliyejitwika kapu la samaki kwenda kutafuta mahindi. Lakini kipimo kilikuwa kimebadilika. Mahindi huuzwa kwa gorogoro, yaani kopo la takriban kilo mbili, na hulipiwa fedha taslimu. Familia ya wakulima inayonunua chakula chake kwa kopo imekwisha kuingia katika mfumo wa pango, hata kama hakuna mtu wake aliyewahi kupanda treni.

Hata hivyo wahamaji hawakukubali kwamba mahali pa kazi ni kwao. Kijaluo hutofautisha ot, nyumba ya kukaa, na dala, boma la ukoo ambalo mtu amelijenga kwa utaratibu wa baba zake. Mtu aweza kuishi katika ot mjini kwa miaka 40 asiwe na dala huko. Tofauti hiyo ilisikika mbele ya mahakama za Nairobi mnamo 1987, katika kesi maarufu ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambapo ilibishaniwa ni wapi hasa palikuwa kwake. Mwili wake ulizikwa Nyalgunga, Siaya. Lolote liwalo juu ya haki za mjane, kesi hiyo iliudhihirishia umma wa Kenya kwamba msamiati wa wahamaji una nguvu ya sheria. Nao wahamaji waliwahi kuonyeshwa kwa ukali kwamba pango si dala: mwishoni mwa 1970 serikali ya Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi kutoka Kenya, na wengi wa hao walikuwa watu wa mwambao huu.

Maneno ya karatasi na namba

Ni vema sasa kukitazama Kiswahili chenyewe. Maneno yake ya kazi ya ujira yana asili inayofanana. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu ili apate malipo yake. Jina la cheti likahamia kwa mwenye cheti. Kipande ni sehemu ya kitu, kisha kadi ya siku za kazi, kisha hati ambayo bila hiyo mtu hukamatwa njiani. Manamba, neno la mashamba ya mkonge ya Tanganyika, limetokana na namba aliyopewa kila mfanyakazi aliyeletwa kutoka mbali. Baada ya 1944 ofisi ya kuwaajiri hao, SILABU, iliwasafirisha kwa makundi makubwa.

Maneno haya matatu hayamtaji mtu, wala kazi aifanyayo, wala kitu alichonacho. Yanataja karatasi na hesabu. Ukiyaweka kando ya hemea na kisuma, ambayo yanataja kusudi la msafiri mwenyewe, utaona historia nzima katika safu mbili za kamusi. Katika safu ya kwanza msemaji ni yule anayesafiri. Katika safu ya pili msemaji ni yule anayemhesabu.

Hitimisho

Masika ya 1984 yalikosekana katika sehemu kubwa ya Kenya, na tangu wakati huo miaka ya mvua haba imerudi zaidi ya mara moja. Mnamo 2020 ilikuwa zamu ya maji: ziwa lilipanda kupita alama za miaka ya 1960 na kuingia katika makonde na nyumba za mwambaoni. Japango wa leo aweza kuwa Nairobi, na aweza pia kuwa Doha. Wataalamu na mashirika sasa wanazungumza juu ya wahamiaji wa tabianchi. Istilahi hiyo ina faida yake, kwani mabadiliko ya hali ya hewa ni ya kweli na mkulima wa Kano anayaona. Lakini ina hatari ileile ya kiambishi -ka-. Yeye asemaye kwamba jua ndilo lililowahamisha watu amemwachilia huru kila mtu mwingine: aliyepanga kodi, aliyeandika daftari la ardhi, aliyeweka bei ya mahindi, na aliyepima mshahara kwa tumbo la mtu mmoja.

Wajibu wa wanaisimu katika jambo hili si mdogo. Kamusi inayolieleza neno hemea kuwa ni kununua vitu sokoni bila kutaja njaa, au inayolieleza neno kibarua bila kutaja barua, imefuta ukurasa wa historia ambao wakulima waliuandika bila kalamu. Kadhalika maneno ya lugha jirani, kama kisuma na jadak, yanastahili kukusanywa maadamu wako wazee wanaoyatumia kwa maana yake kamili, kwa sababu vijana wengi wa Kisumu hulitaja jina la mji wao kila siku bila kujua kwamba wanataja safari.

Mvua ilikosekana: hiyo ni kweli, na itakosekana tena. Kuhusu yaliyofuata, mwandishi wa historia hana haki ya kuandika -ka- mpaka awe ameuliza nani alikuwa amekwisha kulichukua lile kapu la samaki.